Karuma imewaka, sigiri haijazima

Mhariri,

Tangu bwawa la Karuma lizinduliwe rasmi Septemba 2024, swali limekuwa lilelile redioni na barazani: nchi ina umeme mwingi, mbona Kampala bado inapikia makaa? Jibu linalotolewa upesi ni bei, au mazoea ya jikoni. Yote mawili yamo, lakini hayafiki nusu ya jambo. Kizuizi kikubwa kiko kati ya transfoma na sufuria, katika mita mia tano za mwisho, na huko ndiko fedha zisikopelekwa.

Tuanze na mitambo, maana hapo pana mabishano machache. Nalubaale, iliyofunguliwa mwaka 1954 kwa jina la Owen Falls ikiwa na mashine 10 za megawati 15, leo ina uwezo wa megawati 180. Kiira iliyo jirani yake ina 200, Bujagali 250 tangu 2012, Isimba 183 tangu 2019, na Karuma mashine sita za megawati 100 kila moja. Ongeza megawati 50 za jua kutoka Soroti, Tororo, Kabulasoke na Mayuge, viwanda vya sukari vinavyochoma makapi ya miwa, na vituo vidogo vya mitoni. Uwezo wa nchi umepita megawati 2,000. Karuma ilipozinduliwa, kilele cha matumizi ya ndani kila jioni kilikuwa kikizunguka megawati 1,000. Umeme upo kweli. Tena usipouzwa una hasara yake: deni la bwawa halipungui kwa sababu mashine zimelala, na vituo vya watu binafsi vina mikataba ya kulipwa kwa kuwa tayari kuzalisha, hata kama laini haikuuchukua umeme wao. Gharama hiyo hugawanywa kwa yuniti zilizouzwa. Zikiuzwa chache, kila moja hubeba mzigo mzito zaidi.

Kwa hiyo serikali na wakopeshaji wana haraka ya kuona watu wanapika kwa umeme. Ila haraka ya mwenye bwawa na haraka ya mwenye sufuria ni vitu viwili, na historia ya teknolojia inalijua hilo vizuri.

Mwaka 1882 Thomas Edison aliwasha kituo chake cha Pearl Street, New York. Ungedhani viwanda vya Marekani vingekimbilia mota mwaka uleule. Kufikia 1900 mota za umeme zilikuwa zinatoa karibu asilimia 5 tu ya nguvu za viwandani. Nusu ilipitwa mnamo 1920 hivi. Sababu ilikuwa inaning'inia darini. Kiwanda cha mvuke kilikuwa na injini moja kubwa inayozungusha fito ndefu ya chuma, na kila mashine ilivuta nguvu kwenye fito hiyo kwa mkanda wa ngozi. Wenye viwanda wa kwanza kununua umeme waliiondoa injini, wakaweka mota moja kubwa mahali pake, wakaacha fito na mikanda vilevile. Faida waliyopata ilikuwa ndogo, wakalalamika kwamba umeme ni ghali. Faida ilikuja kila mashine ilipopewa mota yake, fito ikashushwa, na jengo lenyewe likapangwa upya. Hiyo ilichukua kizazi kizima, si kwa sababu mota ilikuwa mbaya, bali kwa sababu kila kilichoizunguka kilikuwa kimejengwa kwa ajili ya mvuke.

Nasi tunafanya vivyo hivyo. Tunaiondoa sigiri, tunaweka pleti ya umeme ya wati 2,000 mahali pake, sufuria ileile nyembamba yenye kitako kilichopinda, maharage yaleyale ya kuchemshwa kwa saa tatu, kisha tunashangaa Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, imekwisha.

Sasa twende kwenye transfoma, maana hapa ndipo hesabu inapouma.

Chukua transfoma ya kVA 100, yaani karibu kilowati 100, inayoshusha kilovolti 11 hadi volti 415, aina inayoonekana katika mitaa mingi. Uwezo wake kwa kila fezi, yaani kila mmoja wa nyaya tatu zinazobeba umeme, ni takriban ampea 139. Tuseme inalisha nyumba 100. Nyumba yenye taa, televisheni, simu za kuchaji na friji hapa na pale huchangia karibu kilowati 0.4 saa ya kilele, ukizingatia kwamba si wote wanaowasha vitu vyote kwa pamoja. Jumla kilowati 40. Transfoma inapumua.

Nusu ya nyumba hizo zikinunua pleti za wati 2,000, saa moja na nusu jioni hadi saa mbili na nusu usiku sehemu kubwa yao zitakuwa zinawaka kwa pamoja, maana maharage na nyama kwenye pleti ni kazi ya saa nyingi. Ukikadiria sita katika kila kumi, hizo ni kilowati 60 juu ya 40 za awali. Transfoma imejaa hadi ukingoni, na hapo tumedhani fezi zote tatu zimegawana mzigo sawasawa, jambo ambalo mtaani halipo. Fundi anayemwunganisha mteja mpya hushika waya ulio karibu na ngazi yake. Baada ya miaka mitano fezi moja inabeba ampea 180 na nyingine 70.

Sasa nusu hiyohiyo ikinunua sufuria za presha za umeme zenye wati 1,000. Sufuria hiyo huvuta kwa nguvu dakika 15 au 20 mpaka presha ipande, kisha huwaka na kuzima yenyewe kwa muda mfupi mfupi. Kwa wakati mmoja utakuta theluthi tu zinavuta. Kilowati 17 hivi. Transfoma ileile, nguzo zilezile, na mtaa mzima umekula. Nusu kilo ya maharage hutumia karibu nusu yuniti kwenye sufuria ya presha. Kwenye pleti hufika yuniti moja na nusu hadi mbili. Kwa hiyo tangazo la kusema tu "pika kwa umeme", bila kusema kwa chombo gani, ni tangazo la kuunguza transfoma.

Mzigo ukizidi, transfoma haiungui siku hiyohiyo, na hilo ndilo hudanganya. Mafuta yanapata moto, karatasi iliyozungushiwa koili inakauka, na kwa kila nyuzi 6 hadi 8 za ziada maisha ya karatasi hiyo hupungua kwa nusu. Transfoma iliyotengenezwa kudumu miaka 25 inakufa katika wa nne, siku ya mvua, na watu wanasema ni radi. Mahali pengine fyuzi ya juu ya nguzo ilikuwa imekatika mara tatu mwezi huo, kisha mtu akachoka kupanda akafunga waya mnene badala ya fyuzi. Fyuzi ya namna hiyo haikatiki tena. Kinachokatika ni koili. Wezi wa mafuta nao wana sehemu yao, maana transfoma iliyopungukiwa mafuta hata mzigo wa kawaida huishinda.

Kabla ya kufa huanza kuchoka, na uchovu wa laini una mzunguko wake mbaya. Waya wa alumini wa milimita mraba 50 una ukinzani wa karibu omu 0.64 kwa kilomita. Uvute mita 400, pitisha ampea 60, unapoteza volti 15 kwenye fezi. Na mzigo ukiwa haujasawazishwa, mkondo unarudi kwenye nyutro, waya wa kurudia, na kupoteza nyingine. Nyumba ya mwisho inaweza kubaki na volti 210 au chini yake badala ya 240. Joto la pleti hufuata mraba wa volti: kwa volti 200 pleti ya wati 2,000 hutoa wati 1,390 tu. Chakula kinachelewa, jiko linakaa likiwaka saa moja zaidi, linapishana na la jirani aliyechelewa kurudi, volti zinashuka tena. Mpishi anakata tamaa, anawasha sigiri. Mwanasiasa anasema watu hawataki mabadiliko.

Kuna dawa ya mkato inayotumika sana: kuzungusha swichi ya hatua kwenye transfoma ipandishe volti kwa asilimia 2.5 au 5. Nyumba ya mwisho inafurahi saa mbili usiku. Saa saba usiku mzigo ukishuka, nyumba iliyo karibu na transfoma inapata volti 255 hadi 260, na taa na friji zake zinaanza kufa bila maelezo. Hatari kubwa kuliko zote ni nyutro iliyolegea kwenye nguzo. Ikikatika, nyumba yenye mzigo mdogo inaweza kupokea karibu volti 400, na televisheni za mtaa zinaondoka usiku mmoja.

Bei nayo ina kichekesho ambacho sijaona kikijadiliwa vya kutosha. Mteja wa nyumbani hulipa shilingi 250 kwa kila moja ya yuniti 15 za kwanza za mwezi. Kuanzia ya 16 hadi ya 80 ni bei ya kawaida. Tuseme 750 ili hesabu iwe rahisi. Kuanzia ya 81 hadi ya 150 ndipo inapoingia bei ya kupikia, takriban 412, halafu juu ya hapo inarudi kawaida. Nyumba isiyopika kwa umeme ikitumia yuniti 25, inalipa 11,250 bila VAT wala ada ya huduma. Ikianza kupika kwa sufuria ya presha, tuseme yuniti 60 kwa mwezi, inafika 85. Bili inakuwa karibu 54,560. Katika hizo 60, ni tano tu zilizoguswa na bei ya kupikia. Kila yuniti ya kupikia imegharimu wastani wa shilingi 720. Jirani mwenye pleti anayefika 135 analipa karibu 75,160, na yuniti zake 55 zimepata punguzo. Bei ya kupikia inamkuta yule tu aliyechagua chombo kinachokula umeme, na kinachoumiza transfoma. Aliyeipanga alikusudia wema, ila alimfikiria mtu mwenye nyumba kubwa na jiko la pleti nne.

Ukitaka kulinganisha na makaa, kilo moja ya makaa kwenye sigiri ya kawaida huingiza ndani ya sufuria joto linalokaribia la yuniti mbili kwenye pleti. Pima gunia lako kwa mizani, gawanya bei kwa kilo, upate jibu la mtaa wako. Kwa 412 umeme unashinda karibu kila mahali mjini. Kwa 750 ni vuta nikuvute, na mwenye kununua makaa ya shilingi elfu moja kwa siku hawezi kungoja mwisho wa mwezi kujua nani ameshinda.

Hayo ni kwa mwenye mita yake. Katika vyumba vya kupanga vya Kampala, Jinja au Mbale, vyumba kumi hukaa nyuma ya Yaka moja. Yuniti 15 za bei nafuu zikigawanywa ni moja na nusu kwa kila chumba. Kikundi chote hupita yuniti 150 kabla ya katikati ya mwezi, kisha mwenye nyumba huwauzia kwa bei moja aliyoipanga mwenyewe, au anaandika kwa chaki ukutani: pasi na jiko la umeme hapana. Na mara nyingi ana haki ya kuogopa. Waya uliovutwa kutoka chumba hadi chumba ni wa milimita mraba 1.5, wa taa, umeunganishwa kwa kusokotwa na kufungwa utepe, hakuna waya wa ardhi. Jiko linataka waya wake wa milimita mraba 6 na breka ya ampea 32. Sufuria ya presha ya wati 1,000 inatosheka na soketi ya kawaida yenye waya wa 2.5, mradi ardhi ipo na kuna kifaa cha miliampea 30 cha kukata umeme unapovuja. Bila ardhi, chombo cha bati chenye maji ndani, mkononi mwa mtu asiyevaa viatu, hakifai hata kwa majaribio.

Kuhusu chakula, wauzaji wa sufuria hizi huwa hawasemi kwamba ya lita 6 haitoshi familia ya watu wanane inayokula matoke yaliyofungwa majanini. Itapika maharage, nyama, githeri na wali vizuri. Matoke ya mkusanyiko yatabaki kwenye moto kwa muda mrefu, na hilo si dhambi. Nyumba nyingi duniani zimekaa na majiko mawili kwa miaka kabla ya moja kuondoka.

Uingereza ilifanyaje ilipohama kutoka gesi ya kutengenezwa kiwandani kwenda gesi asilia ya Bahari ya Kaskazini, kati ya 1967 na 1977? Gesi mpya ilikuwa na joto karibu mara mbili kwa ujazo uleule na mwali unaosafiri polepole, hivyo kichomeo cha zamani kisingefaa. Hawakuleta bomba wakaishia kuwahimiza watu wabadilike. Waligawa nchi vipande vidogo. Mafundi walifunga gesi mtaa mmoja, wakaingia nyumba kwa nyumba, wakabadilisha vichomeo, wakafungulia gesi mpya, wakahamia mtaa wa pili. Wateja takriban milioni 13, vifaa takriban milioni 40. Gharama ya kubadilisha vifaa ilihesabiwa kuwa sehemu ya mradi wa gesi, pamoja na bomba.

Hapa kwetu kipande kinachofaa si wilaya wala kata. Ni transfoma. Kazi yenyewe haina siri. Kwanza kila transfoma iwe na namba iliyopakwa rangi kwenye nguzo, na kila mita ya Yaka iandikwe chini ya namba hiyo. Bila hivyo hujui nani analishwa na nini, na upotevu utauhesabu kwa kubahatisha. Kisha fundi aende na mita ya kubana waya, inayopima ampea, saa mbili usiku, siku tatu tofauti, mojawapo ikiwa Jumapili ya mwisho wa mwezi, apime fezi zote tatu na nyutro, halafu apime volti katika nyumba ya mwisho. Mara nyingi kinachohitajika ni kuhamisha wateja 15 kutoka fezi moja kwenda nyingine na kukaza viungio vya nyutro, kazi ya siku moja isiyohitaji mkopo wa nchi yoyote. Pale ambapo laini ni ndefu mno, transfoma mbili za kVA 50 zilizowekwa mbalimbali hushinda moja ya 200, kwa sababu zinafupisha waya wa volti ndogo. Baada ya hapo ndipo sufuria ziletwe, kwa mkopo unaolipwa kidogo kidogo kupitia Yaka. Bwawa huzinduliwa na rais. Transfoma haizinduliwi na mtu, na labda ndiyo maana hucheleweshwa.

Jua halitaondoa kazi hii. Megawati 50 za jua husaidia mchana, lakini saa mbili usiku ni sifuri, na betri za kubeba kilele cha nchi ni gharama nyingine. Ila kuna sababu nzuri ya kutotegemea mto peke yake: Nalubaale, Kiira, Bujagali, Isimba na Karuma zote zinakunywa maji ya mto mmoja kutoka Ziwa Viktoria. Mwaka 2005 na 2006 ziwa liliposhuka, mgao wa umeme ulirudi na jenereta za dizeli zikakodishwa kwa bei iliyotuumiza miaka mingi. Betri za boda boda za umeme zinazochajiwa usiku wa manane ni mteja mzuri kuliko wote, maana zinachukua umeme wakati hakuna anayeutaka. Wenye viwanda wana bei nafuu kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Vituo vya kubadilishia betri navyo vipewe.

Watu wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa nchi, wana bahati ambayo Kampala haina. Gridi ya taifa imewafikia mwaka 2024, baada ya miaka ya kutegemea kituo kidogo cha maji cha Nyagak, cha megawati 3.5, na jenereta. Laini za mitaa ya Arua na Nebbi bado zinaongezwa. Zikipangwa sasa kwa kilowati moja kwa kila nyumba saa ya kilele badala ya 0.4, nguzo hazitang'olewa tena baada ya miaka mitano.

Tunaomba mambo mawili kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme na kwa UEDCL, kampuni ya serikali, waliopokea usambazaji Aprili 2025. Bei ya kupikia ianze kwenye yuniti ya 31, si ya 81, na mwenye vyumba vya kupanga atakayeweka mita kwa kila chumba asilipishwe kama mfanyabiashara. La pili, kila ofisi ya eneo ibandike mlangoni orodha ya transfoma zake na mzigo uliopimwa saa mbili usiku. Zilizo chini ya asilimia 60 ya uwezo zianze kupokea sufuria mwezi huo huo. Zilizo juu ya 80 zisubiri fundi.

Mafundi wa laini za usambazaji,
Jinja